Kuhani asiwe chupa ya dawa inayotembea: nilivyotunga klasi yangu mwenyewe

Kama umewahi kuendesha gemu la kuigiza la mezani, lile la dadu na karatasi na kila mtu na mhusika wake, unajua kuna kiti kimoja hakina mwenyewe. Kiti cha kuhani, yule wa kuponya wenzake. Mapanga yanagombaniwa, uchawi unagombaniwa, ikifika kwa kuhani watu wanaanza kuangaliana afu mwisho anabebeshwa aliyechelewa kufika.

Mi nilidhani ni uvivu tu wa wachezaji, mpaka siku moja tuko katikati ya pigano refu na misukule, raundi ya 4, nikamgeukia jamaa aliyekuwa kuhani nikamwambia haya zamu yako, na kabla hajafungua mdomo meza nzima ikajibu "anaponya!" Mwenyewe alikuwa kwenye simu. Karusha dadu bila hata kuinua kichwa. Ndo siku niliyoamua kutunga klasi ya kuhani, yaani aina ya mhusika na uwezo wake wote, kuanzia sifuri, na niliharibu mara kadhaa kabla haijakaa sawa.

Kosa la kwanza, nilianza na orodha ya dua, yaani miujiza anayoweza kuomba kuhani. Niliandika kama 40 hivi, nyingi nimenyofoa kwenye klasi nyingine nikabadilisha majina, nikajiona fundi kweli kweli. Kumbe nimetengeneza mchawi aliyevaa joho. Kilichonizindua ni historia yenyewe. Inasimuliwa kwamba kuhani wa lile gemu maarufu la aina hii, Dungeons & Dragons alizaliwa kwenye meza ya Dave Arneson, mmoja wa watunzi wake, kwa sababu kuna mchezaji alikuwa mnyonya damu na kashakuwa na nguvu kupita kiasi, ikabidi apatikane wa kumkabili. Ndo maana mpaka leo kuhani anafukuza wafu wanaotembea. Na kwenye kanuni za kwanza kabisa za 1974, kuhani wa levo ya 1, yaani ngazi ya kuanzia, hakuwa na dua hata moja na bado alikuwa kuhani! Yaani kazi ilitangulia, dua zikafuata.

Kwa hiyo jiulize kwanza, mungu wake anakataza nini? Usiniambie "mungu wa nuru na wema", huyo hana faida mezani maana hata muuza mboga wa kijijini anaweza kumtumikia bila kuhangaika. Tafuta mwiko ambao utamkera mchezaji angalau mara moja kila mnapokaa kucheza. Wangu nikamfanya mungu wa vizingiti, na mwiko ni mmoja tu: kuhani wake haingii mlango wowote wenye mtu ndani bila kupiga hodi. Basi.

Sa fikiria wenzake wako nje ya pango la majambazi usiku, mwizi wao kashafungua kufuli taratibu bila kutoa sauti, wote wamebana pumzi, kuhani anasogea mbele anagonga mlango, "Hodi hapa!" Kimya. Afu sauti ya kizee kutoka ndani, "Karibu." Meza ililipuka, mwizi wetu alitaka kumtupia dadu usoni. Ila hamna aliyeshika simu tena usiku ule.

Halafu tuje kwenye kuponya, maana hapa ndo wengi wanaharibu. Kwenye kanuni za Dungeons & Dragons za 2014 dua ya kawaida ya kuponya inarudisha uhai wa dadu moja ya nyuso 8 pamoja na nyongeza, tuseme 3, wastani 7.5, na inakula zamu nzima. Ile ya haraka inarudisha dadu ya nyuso 4 na nyongeza lakini haili zamu, kwa hiyo watu wakajifunza kusubiri mwenzao aanguke kabisa ndo wamwinue, anaanguka anainuka anaanguka, kama mdoli wa springi. Mimi nikaamua kuhani wangu azuie badala ya kuponya. Mwenzake akipigwa, yeye anakatiza hapo hapo, "anafunga mlango", madhara yanapungua kwa dadu ya nyuso 8 jumlisha levo yake. Zamu yake inabaki ya kwake, apige rungu, aongee na mizimu, atajua mwenyewe.

Wazo zuri, ila nililiacha bila kikomo. Levo ya 1 wastani wa kuzuia ni 5.5. Sasa goblini wa kawaida, kale kajitu kabaya ka mwanzo mwanzo, anapiga dadu ya nyuso 6 jumlisha 2, nayo wastani wake ni 5.5. Umeona? Kila raundi pigo moja zima linapotea bure, mapigano yakawa utani. Nikabana, mara 2 tu kwa siku, na anarudishiwa moja kila akitimiza mwiko wake. Wiki iliyofuata jamaa akaanza kupiga hodi kwenye makabati. Kwenye pipa! Nikaongeza sharti, inahesabika tu kama ndani kuna anayeweza kusikia na kukudhuru. Wachezaji watakuibia kila mwanya unaouacha, usiwachukie, ndo wanaokusaidia kupima klasi bure.

Kitu kingine nilichokataa ni ule msaada wa mungu wa levo ya 10, kwenye kanuni hizo hizo za 2014, ambapo unarusha dadu za asilimia (1 mpaka 100) na lazima upate namba isiyozidi levo yako. Yaani asilimia 10. Mchezaji kasubiri miezi, anamlilia mungu wake, mara 9 kati ya 10 anaambulia ukimya. Wa kwangu anajibu kila akiitwa, kuanzia levo ya 3, ila jibu lake ni swali au mlango unaofunguka mahali fulani, na kuupita ni hiari yako.

Pima pia levo ya 5, usiishie ya 1, kwa sababu hapo mchawi anapata mpira wa moto wa dadu 8 za nyuso 6 na kuhani wako anaweza kuonekana mzigo ghafla. Wangu alionekana mzigo kweli, nikampa uwezo wa kumzuia adui asivuke kizingiti mpaka akaribishwe.

Levo ya 11 kwenda juu sijaandika. Jamaa kashaanza kuniuliza, je kaburi lina mlango?