Mwalimu, punguza kuuliza "Mmeelewa?"

Pita nyuma ya madarasa ya shule ya msingi huku kwetu Dodoma, iwe Bahi, Chamwino au Kongwa, hutachelewa kusikia mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" na darasa zima likiitikia kwa mkupuo, "Ndiyo mwalimuuu!" Nimefundisha hisabati madarasa ya chini kwa muda mrefu, na kama kuna ushauri mmoja ningependa mwalimu anayeanza kazi auchukue kwangu, ni huu: jibu lile lisikuridhishe. Mtoto analitoa kwa adabu, kwa mazoea, na kwa kuwa jirani yake naye kalitoa. Wengine wanaamini kabisa kwamba wameelewa, maana ulipokuwa unaeleza ubaoni kila kitu kilikuwa chepesi. Utajua ukweli pale mtoto atakapobaki peke yake na swali.

Chukua 52 kutoa 28. Darasa la pili na la tatu utakutana sana na jibu la 36. Ukiweka alama ya kosa kwa peni nyekundu na kuvuta daftari linalofuata, umeachia habari muhimu kuliko zote ulizopata siku hiyo. Binti mmoja aliyeleta 36 nilimwita mezani nikamwambia, "Hebu nieleze umefanyaje." Akaweka kidole kwenye daftari: "Mbili kutoa nane haiwezekani, mwalimu. Nikatoa mbili kwenye nane, nikapata sita. Halafu tano kutoa mbili, tatu."

Huyo hakubahatisha. Ana kanuni yake, kwamba namba ndogo hutolewa kwenye kubwa popote zilipo, na kanuni hiyo inampa jibu sahihi kwenye 58 kutoa 22. Hana sababu ya kuitilia shaka. Kumrudishia habari za kukopa kwa sauti kubwa zaidi kusingemsaidia. Tulichukua mabua ya mtama, tukakata vijiti, tukavifunga kumikumi: mafungu matano, na vijiti viwili pembeni. "Nipe ishirini na nane." Akanipa mafungu mawili, akanipa na vile viwili vya pembeni, akakwama. Sikusema kitu. Akayatazama mafungu yaliyobaki, akanitazama, kisha akauliza kama anaruhusiwa kufungua moja. Akalifungua, akahesabu sita akanipa, akabaki na ishirini na nne mkononi. Kuandika kwa kukopa tulirudi kukufanya baadaye, na safari hii alijua anachokopa kinatoka wapi.

Kule kunyamaza kwangu ni sehemu ya kufundisha, na kwa walimu wengi ndiyo sehemu ngumu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwasikiliza walimu darasani, na katika maandishi yake ya miaka ya 1970 alieleza kwamba baada ya kuuliza swali, kwa kawaida mwalimu husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwingine au kujibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde tatu ukizisoma hapa ni kitu kidogo. Zisubiri mbele ya darasa lililojaa, mikono mitano hewani na sauti zinaita "mimi mwalimu, mimi!" Hesabu kimoyomoyo, na mkono wa kwanza usiupe nafasi. Anayenyoosha haraka kila siku tayari anajua. Unayemtafuta ni yule aliyeinamisha kichwa.

Najua utaniuliza: watoto themanini, tisini, nitamsikiliza nani mmoja mmoja? Swali la haki. Mimi nilichofanya ni kuomba mabaki ya hadibodi kwa fundi seremala, nikayakata saizi ya daftari na kuyapaka rangi nyeusi. Nauliza swali, kila mtoto anaandika jibu kwa chaki, nikihesabu tatu wote wananyanyua. Kwa mara moja naona nani kaandika 24 na nani kaandika 36, na hakuna wa kujificha nyuma ya kiitikio. Hadibodi zikikosekana, waandike nyuma ya daftari kwa herufi kubwa, au mtoke nje waandike mchangani. Ukishaona, huna haja ya kuwaita wote. Unawaita wale wa 36.

Jambo la pili ni kusahau. Tunalalamika sana kwamba watoto wa siku hizi hawashiki, lakini kusahau ni kawaida ya akili ya binadamu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba tunachojifunza huporomoka kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Dawa iliyozoeleka ni kusoma tena na tena. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, nao wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Wengine walikirudia kukisoma, wengine wakakifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio walioongoza. Rudia hiyo sentensi ya mwisho kwa mtoto wa darasa la saba anayekesha akisoma daftari lilelile.

Kwa hiyo naanza kipindi kwa maswali matatu, madaftari yamefungwa: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Hakuna maksi. Ukitoa maksi watoto wanaanza kuchungulia, na faida yote inapotea. Kwa huku kwetu maswali haya yana kazi nyingine pia. Uwele na mtama ukianza kukomaa, watoto wanakwenda kuamia ndege mashambani, na mahudhurio yanashuka. Anayerudi baada ya wiki nzima shambani hukuta darasa limeshaondoka. Maswali ya nyuma humpa pa kushika, na humwonyesha mwalimu palipotoboka bila kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake.

Kwenye semina huenda umeambiwa uwagawe wanafunzi kwa mitindo: huyu wa kuona, huyu wa kusikia, huyu wa kugusa. Wataalamu wa saikolojia waliopitia tafiti za mitindo hiyo mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwagawa hivyo kunaongeza kujifunza. Vijiti vya mabua vinawafaa wote, kwa sababu kutoa ndivyo kulivyo. Usipoteze muda wako kwenye kuwagawa.

Lugha, hapo tumia muda. Vijijini kwetu mtoto anakuja darasa la kwanza na Kigogo chake, Kondoa anakuja na Kirangi, na Chemba wapo wa Kisandawe. Kiswahili cha mwalimu kinampita kwa kasi. Nawaacha wawili wawili waelezane kwa lugha wanayoijua, kisha mmoja anieleze kwa Kiswahili. Walimu wa kidato cha kwanza, ambako masomo yanageukia Kiingereza, nawaomba vivyo hivyo: waacheni wabishane kwa Kiswahili kwa nini jani linahitaji mwanga, wakishalielewa ndipo mwape sentensi za Kiingereza za kuandikia. Kumkataza mtoto lugha anayofikiria nayo ni kumkataza kufikiri.

Na wazazi, msijitoe kwa kusema hamkusoma. Bibi asiyejua herufi hata moja anaweza kumsaidia mjukuu kuliko anavyodhani. Jioni, mkisubiri ugali, mwambie afunge daftari na akusimulie alichofundishwa leo. Muulize "kwa nini?" na "nionyeshe," ukimpa mahindi au kokoto ahesabie. Usimkatishe. Akikwama, mwache afungue daftari atafute, alifunge tena, kisha amalizie kukueleza.