Vijimradi Vinapoanza Kuula Mkusanyo Mkuu wa Sarafu

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikikusanya shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichotoa fedha za Uganda, Kenya na Tanganyika, zile zenye simba aliyesimama mbele ya milima, zilizotolewa kuanzia mwaka 1921 hadi 1952. Huo ndio mkusanyo wangu mkuu. Naishi Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Malaba wa kuingia Kenya, mahali ambapo fedha za nchi mbili hupishana kila siku mikononi mwa wabadilishaji, na kwa hiyo sarafu kuukuu hunifikia kwa wepesi zaidi kuliko zinavyomfikia mwenzangu wa Gulu au Kabale. Wepesi huo ndio ulioniponza.

Katika mwaka wa nne nilikuwa nimejiwekea akiba ya miezi mitano ili ninunue shilingi moja ya miaka ya 1920, ambayo manyoya ya shingo ya simba wake yalikuwa bado yanahesabika. Kabla sijaifuata, mama mmoja mjane aliniita nikaangalie kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za marehemu mumewe. Karibu zote zilikuwa za Uganda, za mwaka 1966 na kuendelea, zile ambazo watu wengi walibaki nazo majumbani baada ya shilingi kukatwa sifuri mbili mwaka 1987 na vyuma hivyo kukosa kazi. Nilimhurumia mama, nikalitamani kopo, nikalinunua lote kwa akiba ile. Wiki mbili baadaye mwenye shilingi alinipigia simu: “Mwalimu, samahani, ile yako nimempa mtu mwingine. Nimekungoja mno.” Sijaiona nyingine ya hali ile hadi leo.

Hata hivyo simshauri mtu yeyote aishi bila vijimradi vya kando, yaani mikusanyo midogo iliyo nje ya ule mkuu. Kila mkusanyo mkuu hufikia mahali ambapo sarafu zilizosalia ni chache na za bei kubwa, na mkusanyaji hukaa miezi sita bila kugusa kitu kipya. Mtu aliyekaa bure namna hiyo ndiye anayenunua shilingi iliyosuguliwa hadi simba akafanana na mbuzi, kwa sababu tu amechoka kungoja. Kijimradi humpa kazi ya mikono wakati wa kiangazi hicho, mradi kiwe na mwisho unaojulikana na kiwe na undugu fulani na mkusanyo mkuu.

Mfano wangu bora ni sarafu za tundu za mwaka 1936. Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alitawala kwa karibu miezi kumi na mmoja tu ya mwaka huo, akajiuzulu mwezi Desemba kabla ya kuvishwa taji. Sarafu zetu za senti tano na senti kumi hazikuwa na sura ya mfalme, kwa kuwa katikati palikuwa na tundu. Zilibeba jina lake tu, na kwa njia hiyo jina la mfalme ambaye Uingereza yenyewe haikuwahi kuzungusha sokoni sarafu zenye sura yake likapita katika masoko ya Uganda. Senti hizo zilipigwa katika viwanda vitatu: zisizo na herufi ni za London, zenye H ni za kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na zenye KN ni za Kings Norton. Aina mbili mara viwanda vitatu ni sarafu sita, basi. Nakumbuka jioni niliyokaa barazani na kioo cha kukuzia, nikiigeuzageuza senti kumi chafu kwenye jua la saa kumi, hadi herufi KN, ndogo kama punje za ulezi, zikajitokeza. Sita zote zilinichukua miezi kumi na minne, na jumla ya gharama yake haikufika bei ya shilingi moja nzuri ya simba. Faida iliyonishangaza ni kwamba jicho lililozoea kutafuta herufi lilirudi kwenye shilingi zangu na kuiona H kwenye ile ya 1922, ambayo daftarini nilikuwa nimeiandika kuwa haina herufi.

Simbi, yale makombe madogo ya baharini, zilinishinda. Nilizipenda kwa kuwa ziliwahi kuwa fedha Buganda, na Waganda hadi leo fedha wanaiita ensimbi, lakini simbi haina mwaka, haina kiwanda na haina ya mwisho. Nilizipeleka kwenye kabati la somo la historia shuleni.

Kuhusu fedha, natenga shilingi 50,000 kwa mwezi katika bahasha mbili: 40,000 za simba na 10,000 za kijimradi. Bahasha ndogo hairuhusiwi kukopa kwa kubwa, ila kubwa inaweza kukopa kwa ndogo bila kulipa. Najua huo si usawa, na sikuukusudia. Vilevile sianzi kijimradi cha pili kabla cha kwanza hakijaisha, wala sinunui sarafu ambayo sina mahali pazuri pa kuihifadhi. Hili la mwisho nimelilipia. Sarafu za kando nilizitia kwenye vifuko vya plastiki laini vya bei ya chini, nikidhani si muhimu, na baada ya mvua za mwaka mmoja nilizikuta na utando wa kijani unaonata, zikiwemo shilingi mbili za simba nilizokuwa nimezichomeka humo kwa muda. Plastiki ya aina hiyo hutoa kemikali inayokula metali. Tumia vifuko vigumu visivyo na harufu, au hata bahasha ndogo za karatasi kavu.

Lile kopo bado liko chini ya kitanda. Nilichagua humo sarafu moja nzuri ya kila thamani ya mwaka 1966, kuanzia senti tano hadi shilingi mbili yenye korongo, na kijimradi kikaishia hapo. Zilizobaki nawauzia wanafunzi wangu wa zamani na wageni mojamoja. Sasa limebaki kama robo, na kila inayotoka humo thamani yake huingia kwenye bahasha ya simba.