Palm haionekani kwenye Linux, na betri ishanimalizia namba zote

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi bado natumia Palm yangu ya zamani, ile kompyuta ndogo ya mkononi, kwa namba za watu na ratiba, kompyuta ina Linux. Nikichomeka kebo ya USB hamna kinachotokea, lile faili la kifaa /dev/ttyUSB1 wanalolisema watu sijawahi kuliona hata siku moja. Halafu mwezi jana betri ilikata sina habari, nilivyochaji ikawaka tupu kabisa kama mpya, namba zote zimeenda. Nimeanza kuziingiza upya moja moja ila nataka bakap kabla haijanikuta tena.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Palm nyingi za zamani zinatunza kila kitu kwenye RAM, betri ikiisha kabisa na vitu vinaondoka nayo, ndo maana zile za baadaye kama T5 ya 2004 zikawekewa memori isiyotegemea betri.

Sasa hiyo ya kutoonekana, wala kebo yako si mbovu. Palm sio flashi kwamba ukichomeka tu inajitokeza, yenyewe inakaa kimya mpaka ubonyeze HotSync (kitufe cha kusinki na kompyuta), hapo ndo ttyUSB1 inazaliwa (mashine nyingine inakuwa ttyUSB0), ikikosa wa kuongea naye inakata tamaa na faili linapotea, we ukija kutafuta baadaye utaliona wapi? Kwa hiyo weka pilot-link, programu ya kuongea na Palm, andika amri yako uiache hivyo hivyo bila kupiga enta:

pilot-xfer -p /dev/ttyUSB1 -b bakap-januari

(bakap-januari ni jina la folda ya bakap.) Bonyeza HotSync, subiri sekunde mbili tatu, ndo enta. Utaona majina yanapita kwenye skrini, ukiona AddressDB limepita hizo ndo namba zako, DatebookDB ndo ratiba. Ikikwambia huna ruhusa usikimbilie kufanya kila kitu kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwenye Debian na Ubuntu jiingize tu kundi la watumiaji linaloitwa dialout halafu logauti uingie upya.

Kurudisha ni amri ile ile, pale kwenye -b unaweka -r.

Ila kuna mtego hapa na mimi ulinipata. Ukishazoea utachoka kukopi kila kitu kila mara, utaona kuna -u inayochukua vilivyobadilika tu, hiyo haina neno, pembeni yake kuna -s, nayo inafanya vilevile lakini kitu kisichokuwepo kwenye Palm inakifuta na kwenye folda. Fikiria Palm imezima, imeamka tupu, we kwa mazoea unapiga -s... bakap yako inafagiliwa na wewe mwenyewe ndo umeshika fagio. Mimi siigusi kabisa. Kila mwezi nafungua folda jipya lenye jina lake na la zamani nalikopi kwenye flashi, mafaili yenyewe madogo mno hata hayajazi.

Ukitaka kuona namba zako kwenye kompyuta na kuzihariri kwa kibodi weka J-Pilot, ni nzuri sana. Siku Palm ikiamka tupu J-Pilot itagoma kusinki itasema haina ID ya mtumiaji, usiilazimishe wala usiipe jina jipya kwa haraka, fanya ristoo kwanza kwa ile -r.