Kabla ya Kuupanga Muda Wako, Upime Kwanza

Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila usiku, zinaondoka 56. Kazi ya ajira saa 40 na njiani saa 10, zimekwenda 50 nyingine. Toa saa 3 kila siku za kula, kuoga, kufua na kuwahudumia watu wa nyumbani, yaani 21. Bado unabaki na saa 41. Ni nyingi mno! Sasa mbona ile kozi haiishi, na ule mradi uko palepale ulipokuwa mwaka jana?

Ni kwa sababu saa hizo haziji kwa mkupuo. Zinakuja vipandevipande: dakika 12 kabla ya kutoka, dakika 25 za kusubiri foleni, nusu saa baada ya chakula cha usiku. Kipande kisichopangiwa kazi mapema kitamezwa, na siku hizi kinachokimeza mara nyingi ni simu.

Wengi wakigundua hili hukimbilia kuandika ratiba. Hapo ndipo wanapokosea. Ratiba iliyotungwa kwa kukisia huenda arijojo siku ya tatu, na mwenyewe anajiona mvivu wakati kosa lilikuwa kwenye makisio. Anza kwa kupima. Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni na kwa siku 7 mfululizo, zikiwemo za mapumziko, andika saa na shughuli kila unapobadilisha jambo. Andika palepale. Ukingoja jioni, kumbukumbu itakudanganya, maana huunganisha vipande na kukwambia ulifanya kazi asubuhi nzima.

Ukurasa wa kweli huwa hivi:

2:10 ripoti
2:18 ujumbe wa simu
2:31 ripoti
2:40 kufuata maji, mazungumzo
2:55 ripoti
3:05 barua pepe

Hesabu. Kutoka saa 2:10 hadi 3:05 ni dakika 55, lakini ripoti imepata 8, kisha 9, kisha 10. Jumla 27. Na hata hizo 27 si nzima. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama haikuisha. Kwa hiyo kila unaporudi kwenye ripoti, dakika za mwanzo zinakwenda katika kujikumbusha ulipofika.

Siku 7 zikiisha, tafuta mambo mawili tu ndani ya daftari: kipande kirefu kuliko vyote ambacho hakikukatizwa, na saa ambazo akili ilikuwa nyepesi. Pale vinapokutana ndipo pa kuweka kazi moja inayokusogeza mbele: masomo, biashara, uandishi, chochote kile. Moja. Ukiweka tatu, utachovyachovya zote.

Kisha njoo kwenye makisio, kwa sababu hapa mipango mingi hufia. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu. Wanafunzi walitabiri kumaliza kwa wastani wa siku 34 hivi, lakini ikawachukua siku 55 na ushei. Mtu anapokisia huiona kazi yenyewe tu na kusahau vinavyoizunguka: kutafuta faili, kusubiri jibu la mtu, kurudia sehemu iliyokataa. Basi zidisha makisio yako kwa moja na nusu. Ukidhani ni saa 2, andika 3. Baada ya mwezi daftari lako litakupa kipimo chako halisi, nacho hutofautiana kwa kila aina ya kazi. Kwenye saa 8 za kazi, pangia 5 tu. Zile 3 zitajazwa na yasiyotarajiwa, usiwe na shaka.

Namna ya kuiandika kazi nayo ina uzito. "Kusoma uhasibu" haina mwisho, hivyo ni rahisi kuiahirisha. "Kufanya maswali 10 ya sura ya 3 na kuyasahihisha" ina mwisho unaoonekana. Ifunge na tukio ambalo lazima litokee: nikishamaliza kuosha vyombo, nitakaa mezani na kufungua sura ya 3. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwa nini mpango wa aina hii hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu: uamuzi umeshafanyika, kilichobaki ni tukio kukustua.

Kuhusu vipindi, Mwitaliano Francesco Cirillo alibuni mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na mapumziko marefu zaidi baada ya vipindi 4. Unafaa sana kwa kazi unayoikwepa, kwani dakika 25 hazimtishi mtu. Lakini kwa kuandika au kukokotoa, kengele hulia ndiyo kwanza moto umekolea. Huko tumia 50 kwa 10. Simu iwe chumba kingine, si kulazwa kifudifudi mezani. Zima arifa, kisha tenga nyakati tatu za kujibu watu kwa siku. Ikiwa kazi yako inadai majibu ya haraka, omba saa moja tu ya utulivu na uwaambie wenzako ni ipi. Ukitoweka bila taarifa, watakutafuta kwa njia nyingine na kipindi kitavunjika vilevile.

Vile vipande vya dakika 10 viandikie orodha yake ya pembeni: kulipa bili, kupiga simu moja, kupitia maneno mapya ya lugha unayojifunza. Usivipe kazi nzito. Na usiibe usingizi ili kuongeza saa, kwani kesho yake utasoma ukurasa mmoja mara tatu.

Kila mwisho wa wiki keti dakika 20 na daftari. Kazi iliyoahirishwa mara tatu usiihamishe tena ilivyo. Labda ni kubwa mno, basi ikate hadi ipatikane hatua ya dakika 15. Labda inamngoja mtu mwingine, basi andika jina lake na siku ya kumkumbusha. La sivyo, ifute. Wiki mbili zikipita bila chochote kuharibika, nafasi yake ipe kazi nyingine. Ile uliyoifuta ikiendelea kukujia kichwani kila usiku, irudishe kwenye orodha, safari hii ikiwa na siku yake na saa yake.