Mbona i yangu imefika 6?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninajifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku, nikishafunga kibanda changu cha kuchaji simu. Niliandika hivi:

int i = 0;
while (i++ < 5)
    printf("%d ", i);

Nilitegemea ianzie 0, ikatoa 1 2 3 4 5. Kuichungulia i baada ya lupu (ule mzunguko wa kurudia) kwisha, nakuta 6! Nikaandika for (i = 0; i < 5; i++), ikatoa 0 mpaka 4. Nikageuza i++ ya humo kuwa ++i, wala hakikubadilika kitu. Na je, i = i++ ina kazi gani? Nimechoka.
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Chukua karatasi na kalamu, kompyuta iache kwanza.

Hiyo for unaisoma kama sentensi, kushoto kwenda kulia, na yenyewe haiendi hivyo. i = 0 inafanyika mara moja tu, mwanzoni. Linafuata sharti, i < 5. Likikubali, inafanyika kazi ya ndani, yaani printf, inayoandika kwenye skrini. Ile i++ (ongeza moja kwenye i) uliyoiona juu kabisa ndiyo inayofika mwisho, kisha sharti linaulizwa tena. Kwa hiyo printf ya kwanza inaikuta i bado ni 0. Na kwa kuwa i++ pale imesimama peke yake, hakuna anayesubiri jibu lake; ukiandika ++i ni yale yale.

Kwenye while yako umeiingiza i++ ndani ya swali. Maana yake: linganisha kwa thamani ya zamani, lakini i iongezwe. Inauliza 0 < 5, ndiyo. Kufika printf, i imeshakuwa 1. Mwishoni inauliza 5 < 5, hapana, lupu inakwisha, ila nyongeza imeshapita. Ndiyo hiyo 6 yako. Weka ++i hapo, inayoongeza kwanza ndipo ilinganishe, uone: 1 2 3 4, na i inabaki 5.

Mimi jambo hili lilinifedhehesha mbele za watu. Niliandika programu ya kujumlisha kilo za korosho za chama kimoja cha msingi. Mkulima asiye na kilo anarukwa kwa continue, amri ya kuacha yaliyobaki ya mzunguko huo na kwenda unaofuata. Kwa for ilikwenda safi. Nikajitia fundi, nikaigeuza while, i++ nikaitupa mstari wa chini kabisa. Mkulima wa 17 alikuwa hajaleta hata gunia moja. Programu ikaganda kwake, foleni imesimama, karani ananitazama mimi, si kompyuta.

Kumbe continue ndani ya for inakupeleka kwanza kwenye kile kipande cha tatu, i inaongezeka. Ndani ya while inakurudisha moja kwa moja kwenye sharti. i++ yangu kule chini haikufikiwa tena, mzee wa watu akawa anaulizwa kilo zake bila kikomo. Nilipandisha i++ juu ya continue, foleni ikatembea. (Soda za siku ile nilinunua mimi.)

Hiyo i = i++ achana nayo. Kanuni za C hazisemi itokee nini, kwa hiyo jibu la kompyuta yako si lazima liwe la kompyuta ya jirani. Andika i++, peke yake, ukalale.