Mkate wa kuku unalowa? Usibadilishe viungo kwanza

Mkuu, umesema unaandaa mikate ya kuku alfajiri, na wateja wako wa Nyegezi, Mwanza, wakiifungua saa sita mchana wanakuta mkate umelowa chini na kuku amekauka. Waliotangulia wamekuambia ubadilishe viungo. Mimi naona tatizo lako ni maji.

Yalishanikuta. Nilipeleka mikate 40 soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nimeipanga ikiwa ya moto kwenye ndoo na kufunika. Wabeba samaki hawana simile. Mmoja aliukamua mkate mbele yangu kama anakamua dekio.

Anza na kuku. Nunua mapaja, toa mifupa. Kidari kina mafuta machache, ukigeuka kuongea na mteja tu kimekuwa ubao. Wa kienyeji mwache kwenye mchuzi. Ukimchoma hivihivi mtu atatafuna mpaka kivuko cha Kamanga kiende na kurudi. Kwa kilo moja ya nyama natia robo tatu kikombe ya mtindi, punje 6 za kitunguu saumu, tangawizi ya kidole gumba, bizari, pilipili manga na chumvi vijiko 2 vya chai. Inalala usiku kucha kwenye friji. Ndimu usiilaze nayo, inaifanya nyama kuwa ya ungaunga. Nakamulia ikiwa tayari kwenye wavu.

Choma nyama mkaa ukishavaa jivu jeupe, si wakati wa miale. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 74. Asiye nacho apasue kipande kinene, asione wekundu. Kisha acha nyama itulie dakika 10 ndipo ukate. Yale maji yanayobaki kwenye sahani usiyamwage wala usiyatie kwenye mkate: yachemshe na nyanya iliyosagwa na pilipili mbuzi mpaka yawe mazito, urudishe nyama humo. Hapo ukavu umekwisha.

Mkate wa slesi haubebi huu mzigo. Kanda skonzi: unga nusu kilo, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko kikubwa, chumvi kidogo, mafuta vijiko 3, maziwa vuguvugu kama mililita 300. Zinatoka 8. Huna oveni? Palia, moto mdogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Zikipoa kabisa zipasue, paka siagi ndani, ubabue upande huo kwenye wavu. Siagi inazuia maji kupenya.

Kabichi ikate nyembamba, itie chumvi, baada ya dakika 15 ikamue kwa mkono. Utashangaa maji yatakayotoka. Nyanya mbichi sahau.

Ila hata ukifuata yote haya, kuku aliyefungwa kwenye mkate tangu alfajiri mpaka saa sita, kwa joto letu hili, simli mimi na nisingemuuzia mtu. Zaidi ya saa mbili nje ya baridi au moto ni kutafuta balaa. Nenda na jiko dogo, sufuria ya kuku ikae juu yake ikifuka muda wote, skonzi kwenye kapu lenye kitambaa, kabichi pembeni. Jaza skonzi mteja akiwa amesimama hapo. Mayonezi nayo itoke kwenye kasha la barafu, si juani.