Jibu: Yatima wa miaka 17, nataka kuwa rubani wa helikopta

Mdogo wangu wa Arua, Uganda, pole sana kwa kuondokewa na wazazi wote wawili. Unasema wakala anataka uuze kiwanja cha baba akupeleke ng'ambo kusomea helikopta. Usiuze. Mimi wakala alinila ada nzima, nami nilikuwa na hamu kama yako.

Anza na uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza, ule wa marubani wa kulipwa, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Macho yakikataa, kiwanja bado kipo. Kisha nenda Soroti, kwenye chuo cha urubani kilichoanzishwa 1971, ukaulize ana kwa ana kama wanafundisha helikopta na ada ni kiasi gani. Marubani wa uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, karibu na Kampala, pia waulize. Kwa kiwango cha kimataifa, leseni ya urubani wa kibiashara wa helikopta, ya kurusha kwa malipo, inataka miaka 18 na takriban saa 150 angani. Kila saa inalipiwa. Fizikia na hesabu usiziache.

Na ile hamu uliyoitaja ya kuruka chini ya nyaya za umeme, iondoe kabisa. Nyaya zimeua marubani hodari.

Ndugu wakikushinikiza kuhusu kiwanja, muone mwanasheria kabla hujatia saini chochote.